Wanawake wa visiwa vya Pasifiki na uongozi wa kimila: mila iliyowapandisha ndiyo hiyo hiyo inayowazuia?

#1 Mwana wa Pangani

Wakuu, habari za Jumapili.

Humu jukwaani kila tukigusa wanawake na uongozi tunagawanyika makundi mawili yale yale. Kundi la kwanza: mila ndiyo adui wa mwanamke. Kundi la pili: hizo haki zenu zimeletwa na wazungu zije kuua mila. Nimechoka na yote mawili, kwa hiyo leo nawaleteeni watu ambao hawaingii kwenye kundi lolote. Twendeni Samoa, nchi ya watu laki mbili na kidogo katikati ya bahari ya Pasifiki.

Tarehe 24 Mei 2021, Apia. Uchaguzi umefanyika Aprili 9, na siku hiyo ndiyo ya mwisho kikatiba kwa bunge jipya kukutana. Wabunge wa chama kipya cha FAST wanafika wanakuta milango imefungwa na askari wamezunguka jengo. Jaji Mkuu naye anakuja na majaji wenzake, wamevaa majoho kamili, na wao wanakuta kufuli. Kiongozi wa wale wabunge ni mama wa miaka 64, Fiamē Naomi Mataʻafa. Mlango haukuvunjwa. Watu walikaa wakaimba nyimbo za kanisani, na ilipofika jioni wakaapishana pale pale nje, chini ya turubai, viti vimepangwa kama kwenye shughuli ya mtaani kwetu.

Waziri Mkuu aliyekuwapo, Tuilaʻepa Saʻilele Malielegaoi, alikuwa kwenye kiti tangu 1998 na hakuwa na haraka ya kukiacha. Miezi miwili nchi ikawa na watu wawili wanaosema "serikali ni mimi". Tarehe 23 Julai Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba kiapo cha chini ya turubai ni halali, na Fiamē ndiye Waziri Mkuu tangu siku ile. Mzee akakusanya vyake. Hakuna aliyekufa.

Sasa niwaambie kwa nini namleta huyu mama na si mwingine. "Fiamē" si jina alilopewa na baba yake alipozaliwa. Ni cheo cha ukoo. Samoa kila ukoo una wakuu wake, wanaitwa matai, na mpaka leo huwezi kugombea ubunge kama si matai. Mpaka 1990 hata kupiga kura kwa sehemu kubwa ya viti ilikuwa ni matai peke yao. Ikapigwa kura ya maoni mwaka huo ndipo kila mtu wa miaka 21 akaruhusiwa kuchagua. Kugombea kukabaki kwa wenye cheo. Baba yake Fiamē, Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi, alifariki 1975 binti akiwa na miaka 18, anasoma New Zealand. Ukoo ukavutana juu ya cheo, mambo yakafika Mahakama ya Ardhi na Vyeo, na yule binti ambaye hajaolewa wala hajafika miaka 25 akakipata. Mwaka 1985 akaingia bungeni kwa jimbo la Lotofaga. Mwaka 1991 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri, akapewa Elimu, akakaa nayo miaka 15. Mwaka 2016 Naibu Waziri Mkuu.

Wasamoa wana methali: O le ala i le pule o le tautua. Njia ya kwenda kwenye mamlaka ni utumishi. Kijana anayetaka siku moja apewe cheo huanza kwa kupika, kubeba, kupeleka chakula kwa wazee, kukaa nyuma kwenye vikao asifungue mdomo. Miaka. Mkimtazama Fiamē, hiyo ndiyo ngazi aliyopanda: miaka 36 bungeni kabla ya kiti kikuu, kumi na tano kati yake akihangaika na madarasa na walimu.

Hoja yangu ni moja. Huyu hakushinda kwa kuikimbia mila, na hakushinda kwa kuitii tu. Septemba 2020 alijiuzulu unaibu kwa sababu serikali yake mwenyewe ilileta miswada mitatu ya kuitenga ile Mahakama ya Ardhi na Vyeo isiweze kuguswa na Mahakama Kuu. Walioileta walisema wanailinda mila. Yeye, mwenye cheo cha mila, akasema hapana, mnabomoa utawala wa sheria. Niambieni kama mnamjua mwanasiasa wa namna hiyo huku kwetu.

Naomba kuwasilisha.

#2 Kipanga Mzee

Siti ya mbele, kahawa mkononi. Endelea mkuu.

#3 Hakimu wa Kijiwe

Mkuu, umeandika vizuri lakini umetuzunguka. Baba Waziri Mkuu wa kwanza. Mama yake je? Nimesikia naye alikuwa mbunge. Huyo ni mtoto wa ikulu aliyerudi nyumbani. Halafu unatuambia "utumishi". Mpike nyie, cheo wapate wao.

#4 Mwana wa Pangani

Hakimu, hilo la mama ni kweli. Mama yake, Laʻulu Fetauimalemau Mataʻafa, alikuwa mwalimu, akawa mbunge, baadaye akawakilisha nchi New Zealand. Damu ipo, sikatai.

Lakini cheo cha matai hakirithiwi kama shamba la minazi. Ukoo mzima unakaa, upande wa baba na upande wa mama, wanajadili nani anafaa, na wakishindwa wanaenda mahakamani. Ukoo ukikuchoka unaweza kukuvua. Hao hao ndugu wangeweza kumpa mjomba au binamu wa kiume, na walikuwepo waliotaka.

Na kama shida yako ni watoto wa wakubwa, chukua Hilda Heine wa Visiwa vya Marshall. Ni mwalimu. Ndiye Mmarshall wa kwanza kupata shahada ya uzamivu, 2004, kwenye elimu. Alikuwa kati ya walioanzisha umoja wa vikundi vya akina mama wa visiwa vile, akawa Waziri wa Elimu, na Januari 2016 bunge likamchagua kuwa rais. Novemba 2018 walijaribu kumng'oa kwa kura ya kutokuwa na imani, ikatoka 16 kwa 16, akabaki. Akapoteza urais Januari 2020, akarudi tena Januari 2024. Nchi ile Marekani ilijaribu mabomu 67 ya nyuklia kati ya 1946 na 1958 kwenye visiwa vya Bikini na Enewetak, kwa hiyo rais wa pale akikaa mezani na Wamarekani hazungumzii takwimu, anazungumzia watu ambao hawawezi kurudi kwao.

#5 Nesi wa Kusini

Jamani nimeingia kwa sababu naishi Auckland mwaka wa tisa huu na wodini tuko na Watonga, Wasamoa, Wafiji, watu wa Visiwa vya Cook, wote. Mwana wa Pangani umeanza vizuri ila umeruka kitu kikubwa. Kule mwanamke si kitu kimoja. Kuna dada na kuna mke, na hao ni watu wawili tofauti kabisa hata wakiwa mwili mmoja.

Samoa kuna agano kati ya kaka na dada, wanaliita feagaiga. Kaka anamhudumia dada, anamlinda, chakula kizuri kinaanzia kwake, na dada akisema neno kwenye jambo la ukoo linasikika. Sasa dada huyo huyo akiolewa akahamia kijiji cha mume, anakuwa mtu wa kuja. Anaamka mapema, anapika, anakaa chini ya mawifi zake. Kwao ni malkia, kwa mume ni kijakazi wa ukoo. Sasa fikirieni siasa: mwanamke anayeishi kijiji cha mumewe anagombea wapi? Anaombea nani kura? Fiamē hajaolewa na alisimama kwenye kijiji cha cheo chake. Watu wanadhani hilo ni jambo dogo.

Tonga ndiyo kabisa. Shangazi, dada mkubwa wa baba, wanamwita fahu. Nilihudhuria msiba wa baba wa mfanyakazi mwenzangu. Ukumbi umejaa mikeka na vitambaa vya magome ya mti, marundo hadi kiunoni, kila familia inaingia na yake. Karibu na kichwa cha marehemu amekaa mama mmoja mnene, kimya, nguo nyeusi. Watoto wa marehemu, watu wazima, mmoja ni meneja wa benki, wanamkaribia wameinama. Yeye ndiye anayepokea, yeye ndiye anayesema nini kiende wapi. Nikamuuliza mwenzangu huyu ni nani, akasema "shangazi, leo sisi wote ni wake". Halafu sheria ya nchi ile ile ya Tonga, ardhi inarithiwa na mtoto wa kiume. Shangazi anatawala msiba mzima na hana hata kipande cha kiwanja cha kurithi.

Kwa hiyo nakubaliana na kichwa cha uzi. Ngazi na uzio ni mti mmoja.

#6 Bibi wa Mkunazini

Nesi umenikumbusha Malkia Sālote wa Tonga, marehemu bibi yangu alikuwa akimsimulia kama jirani. London, Juni 1953, siku ya kutawazwa Elizabeth, mvua inamwagika, wafalme na masultani wamefunika magari yao ya farasi. Yeye akakataa kufunika. Akapita wazi, amelowa chepechepe, anacheka na kupungia watu. Kwao huwezi kujikinga mbele ya mkubwa unayemheshimu. London nzima ikamlilia. Alitawala tangu 1918 mpaka 1965, na mwaka huo huo wa 1953 akaanzisha umoja wa wanawake wa Tonga wa kusuka na kuendeleza nyumba zao. Hana jeshi la maana, hana mafuta, ana adabu tu, na dunia ikamjua.

#7 Jaluo wa Mombasa

Wazee, hizi hadithi tamu lakini nambari ziko wapi? Mimi ni Mkenya, sisi tuna Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili, na bunge limekaidi mpaka Jaji Mkuu Maraga akamwambia rais alivunje, Septemba 2020. Halikuvunjwa. Nikiskia "tamaduni zetu zinaheshimu mama" najua hapo hakuna kiti. Hao Wapasifiki wana wabunge wanawake wangapi?

#8 Mwana wa Pangani

Jaluo umepiga palipo na kidonda. Ni wachache mno. Ukanda ule uko mkiani duniani. Papua New Guinea, nchi ya mamilioni ya watu, ilikaa na bunge lisilo na mwanamke hata mmoja tangu 2017 hadi 2022, kisha wakachaguliwa wawili. Vanuatu ilikaa zaidi ya miaka kumi bila mwanamke bungeni mpaka Gloria Julia King aliposhinda 2022.

Sasa tazama upande wa pili wa bahari hiyo hiyo. New Caledonia na Polynesia ya Kifaransa, mabaraza yao yana wanawake karibu nusu. Wakanaki, wenyeji wa New Caledonia, wamekuwa wapole kuliko Wavanuatu? Hapana, ni ndugu wa karibu. Tofauti ni sheria ya Ufaransa ya mwaka 2000 inayolazimisha orodha za vyama ziwe na wanaume na wanawake sawa.

Na Samoa wana kiwango chao, na hapa ndipo pananifurahisha kuliko sehemu zote za habari hii. Mwaka 2013 waliingiza kwenye katiba kwamba wanawake wasipungue asilimia 10 ya bunge. Wakipungua, aliyekaribia zaidi kati ya wanawake walioshindwa anaongezwa. Uchaguzi wa 2021 viti vilikuwa 51. Matokeo: chama cha Tuilaʻepa 25, FAST ya Fiamē 25, mgombea binafsi mmoja, Tuala Ponifasio, ambaye nchi nzima inamtazama anaegemea wapi. Wanawake walioshinda ni watano. Watano kati ya 51 ni asilimia 9.8.

Mmeona inapoelekea? Tume ya uchaguzi ikasema 9.8 haijafika 10, kwa hiyo aongezwe mwanamke wa sita. Na huyo wa sita akawa ni wa chama cha Tuilaʻepa! Tuala akajiunga na Fiamē, lakini hesabu sasa ni 26 kwa 26. Kipengele kilichowekwa kuwainua wanawake kikatumika kumzuia mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu. Mahakama Kuu ikafuta uteuzi ule tarehe 17 Mei, wiki moja kabla ya turubai. Mahakama ya Rufani baadaye ikasema kweli, asilimia 10 maana yake ni wanawake sita, lakini anayeongezwa asubiri kesi za uchaguzi na chaguzi ndogo ziishe kwanza. Uamuzi safi kabisa kwa maoni yangu, haukuua kiwango na haukuruhusu kifanywe mchezo.

Kwa hiyo Jaluo, mimi sisemi mila inatosha. Nasema sheria peke yake nayo ilimpiga teke.

#9 Hakimu wa Kijiwe

Hii ya 9.8 imenivunja mbavu. Hao jamaa wangefaa sana kugombea ukatibu wa kijiwe chetu.

#10 Mjukuu wa Uluguru

Mimi naomba kuuliza. Sisi Waluguru ukoo unafuata mama, ardhi ni ya upande wa mama. Lakini anayesimama kuigawa ni mjomba. Huko Pasifiki kwenye ukoo wa mama mambo yakoje? Maana watu hudhani ardhi ikipitia kwa mama basi mama ndiye msemaji.

#11 Mwana wa Pangani

Swali la mwenye kwao. Bougainville, iliyo chini ya Papua New Guinea, sehemu kubwa ardhi hupitia kwa mama, na wanawake huitwa mama wa ardhi. Anayesema mkutanoni mara nyingi ni kaka au mjomba, kama Uluguru. Lakini mgodi wa shaba wa Panguna ulipoharibu mito, aliyechukua uenyekiti wa kundi jipya la wenye ardhi mwaka 1987 alikuwa mwanamke, Perpetua Serero, na katibu wake Francis Ona ndiye aliyekuja kuongoza uasi. Vita ikaja 1988, ikala miaka kumi, na akina mama walikuwa kati ya waliokwenda porini kuwaita watoto wao waweke silaha. Leo bunge la Bougainville lina viti vitatu vya wanawake, na Theonila Roka Matbob, aliyechaguliwa 2020, alitoka kijiji cha karibu na mgodi ule ule na ameubana mpaka kampuni iliyouchimba ikakubali uchunguzi wa madhara.

Palau ni kali zaidi. Wanawake wazee wa koo ndio wanaochagua mwanamume wa kuwa chifu, na wanaweza kumwondoa. Palau walitunga katiba iliyokataza silaha za nyuklia, ikaanza kazi 1981, ya kwanza ya aina hiyo duniani. Marekani ilitaka mkataba usiokubaliana nayo. Ikapigwa kura baada ya kura, haupiti, mpaka 1987 wanasiasa wakataka kulegeza masharti ya katiba yenyewe. Wazee wanawake wakafungua kesi, mbele yao Gabriela Ngirmang, mwenye cheo cha juu cha kike Koror. Nyumba yake ikarushiwa bomu la petroli. Baba wa mwanasheria mmoja aliyekuwa upande wao akapigwa risasi usiku huo huo akafa. Wakaiondoa kesi kwa vitisho, mwaka uliofuata wakairudisha, wakashinda. Hawa ni mabibi wa kulima majimbi, wakuu. Waliposema mahakamani hawakujiita wanaharakati, walijiita wenye wajibu wa ukoo.

#12 Nesi wa Kusini

Nirudi kwenye utumishi wa umma maana tumezama kwenye vyeo. Bosi wangu wa wodi ni Msamoa. Akija mfanyakazi mpya hamkabidhi ratiba kwanza. Anamkalisha, anamuuliza kijiji cha mama yake, cha baba yake, nani wanamlea mtoto akiwa zamu ya usiku, halafu anajieleza na yeye hivyo hivyo. Wenzetu wengine wananung'unika ni kupoteza muda. Ila mgonjwa Mtonga akikataa dawa, yeye ndiye anayejua amuite nani kwenye familia. Mara nyingi ni yule shangazi.

Na mwaka 2021 Agosti mosi serikali ya New Zealand iliomba radhi kwa msako wa alfajiri wa miaka ya 1970, polisi walipokuwa wakivunja milango ya Wapasifiki kutafuta waliozidisha viza. Waziri Mkuu Ardern alikaa ukumbini Auckland akafunikwa mkeka mwororo, mzima, kama Wasamoa wanavyofanya mkosaji anapokuja kujisalimisha mbele ya nyumba ya aliyemkosea. Waliokosewa wakaufunua wenyewe. Mikeka ile husukwa na wanawake, mmoja unaweza kuchukua miezi hata mwaka na zaidi. Mamangu mdogo mmoja wa Kisamoa aliyekuwa akiangalia na mimi kwenye runinga alisema tu, "huo mkeka ni mzuri, hawakubania."

#13 Kipanga Mzee

Sasa Fiamē yuko wapi leo? Maana mwanzo umetuacha kwenye turubai.

#14 Mwana wa Pangani

Kipanga, mwisho wake haukuwa wa sinema. Januari 2025 alimfukuza uwaziri Laʻauli Leuatea Schmidt, mwanzilishi wa FAST, baada ya huyo kufunguliwa mashtaka. Chama kikapasuka. Wakamletea kura mbili za kutokuwa na imani, Februari na Machi, akazivuka zote. Mei bajeti yake ikaangushwa bungeni, akaomba bunge livunjwe. Uchaguzi ukafanyika Agosti 29, upande wa Laʻauli ukashinda, na chama kipya cha Fiamē kikaambulia viti vitatu.

Safari hii hakukuwa na mlango uliofungwa. Alishindwa, mwingine akaapishwa. Kiti chake mwenyewe cha Lotofaga alikishika, kile kile tangu 1985.

#15 Hakimu wa Kijiwe

Viti vitatu! Haya, nakubali kidogo kuhusu huyo mama. Lakini swali la mtoto wa ikulu halijajibiwa, nitarudi nalo kesho.